Kofia ya Dhahabu Kinywani mwa Abonyo

Elkana Okech hakuwa daktari wa meno, na yeye mwenyewe hakuwahi kutamka kwamba ni daktari. Walioliita banda lake "hospitali" ni wachimbaji wa Kewanja. Miaka ile ya dhahabu, kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa kwenye maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia, kila kitu pale kilipewa jina kubwa. Kibanda cha chai chenye benchi mbili kiliitwa hoteli, na mwenye redio aliitwa meneja. Basi Elkana, aliyekuwa na kiti cha kuegemea, kioo kidogo chenye mpini na tupa nyembamba, akawa daktari bila kuomba. Kosa lake la kwanza ni kwamba hakukataa.

Kazi yake ilikuwa kufunga kofia za meno. Alijifunza ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori, kwa fundi mmoja mzee aitwaye Ochieng, kisha akarudi Tanzania akafungua banda lake mahali ambapo dhahabu ilikuwa inatoka ardhini. Hapo alikuwa amepiga hesabu vizuri. Desturi ya wachimbaji wa pale ilikuwa hivi: mtu akipata dhahabu yake ya kwanza, kipande kidogo hakiuzwi. Kinakwenda mdomoni. Walisema mwizi anaweza kukuvua koti na viatu ukiwa umelala, lakini jino lako atalipataje bila kukuamsha? Kwa hiyo walimletea Elkana vipande vyao wakiwa wamevifunga kwenye karatasi ya sigara, wanacheka, na wengi wao meno yao yalikuwa mazima kabisa.

Elkana aliigonga dhahabu mpaka ikawa nyembamba, akaipa umbo la jino kwa kufuata alama aliyoichukua kwenye nta. Jino lenyewe alilipunguza kwa tupa pande zote ili kofia ipate nafasi, akaibandika kwa saruji ya meno. Mwisho alisema neno moja tu.

"Uma."

Mteja akauma. Hicho ndicho kilikuwa kipimo alichorithi kwa Ochieng. Kofia ikiwa imekaa juu mno, mteja angesikia imetangulia kugusa. Na kama chini yake kulikuwa na ubovu uliojificha, mteja angeruka kitini, na hapo fundi huivua kofia mara moja na kumwambia mwenye jino aende kwanza hospitali. Ochieng alimwambia pia atazame kwa kioo kabla ya kufunika, na asifunike tundu hata akibembelezwa. Elkana aliyashika yote mawili. Aliyashika mpaka siku alipomkalisha mama yake kitini.

Mama yake, Abonyo, alikuwa mjane mkulima wa kijiji cha Kemambo. Siku za soko alikuja Kewanja na sufuria la uji na samaki wa kukaanga waliotoka ziwani kwa ndugu zake, akaketi kwenye kigoda, na wachimbaji wakamzunguka. Hawakumfuata kwa uji peke yake. Abonyo alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu asahau kwamba ameshinda shimoni bila kupata kitu. Alicheka kwa kinywa kizima, kichwa amekirudisha nyuma, na meno yake sita ya mbele ya chini hayakuwepo. Yalitolewa alipokuwa msichana, kama Wajaluo wa umri wake walivyotolewa. Nak, ndivyo walivyouita utaratibu huo. Hakulia siku ile, na mpaka uzeeni alilitangaza hilo kwa yeyote aliyetaka kusikia na kwa wasiotaka. Pengo lile lilikuwa fahari yake, na hakuna aliyewahi kumwona akiliziba.

Elkana alikuwa akimtazama mama yake akicheka sokoni, na siku moja wazo likamjia. Watu wote wa Kewanja wanakitazama kinywa kile. Kama pale juu, kwenye jino la pili kutoka katikati, kungewaka dhahabu, kibao cha duka cha nini tena?

Hebu tuseme ukweli ulivyo, maana baadaye Elkana mwenyewe alijaribu kuupindisha ukashindikana kupindika. Abonyo hakuomba jino la dhahabu. Elkana ndiye aliyelitaka.

"Mama, lile jino lako limebadilika rangi. Acha nikuvalishe kofia, upendeze."

"Nipendeze kwa nani, nyathina, mwanangu? Baba yako amelala kaburini."

"Kwa watu tu, mama. Kwa ajili ya kazi yangu."

Aliposikia ni kwa ajili ya kazi ya mwanawe, Abonyo alipanda kitini bila neno lingine. Elkana akaingiza kioo. Nyuma ya jino lile, karibu na ufizi, aliona kidoa cheusi. Akakigusa kwa ncha ya sindano, na sindano ikazama kidogo.

"Hapa huwa panauma?"

"Maji ya baridi tu. Siyo sana."

Lilikuwa tundu. Alilijua kwa jina lake. Angekuwa mchimbaji yeyote, angemwambia shuka, nenda hospitali wakalitibu kwanza, kisha urudi. Lakini kofia ilikuwa tayari imeshagongwa na inang'aa kwenye sahani, kesho yake ilikuwa siku ya soko, na safari ya hospitali ingekula wiki nzima. Elkana akajiambia kidoa ni kidogo. Akajiambia pia kwamba saruji itaziba hewa isiingie na ubovu utakufa wenyewe humo ndani. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Alilitunga hapo hapo, tupa ikiwa mkononi.

Alipomaliza akasema kama kawaida, "Uma, mama."

Abonyo akauma. Ufizi wake wa chini ukaja juu ukakutana na hewa tupu, maana meno ambayo yangegusa jino lile yalikuwa yametolewa zaidi ya miaka hamsini nyuma. Mama akashtuka kidogo, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

"Niume na nini, nyathina? Niazime meno yako!"

Walicheka mpaka machozi. Na katika kicheko kile Elkana hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba kipimo alichokuwa akikitegemea kwa kila mteja kilikuwa hakimsaidii kitu hapa. Kinywa cha mama yake kisingeweza kumwambia chochote.

Biashara ikashamiri. Abonyo alicheka sokoni, dhahabu ikawaka, na wachimbaji wakauliza ni kazi ya nani. "Ya mwanangu," alijibu, akionyesha banda kwa mwiko wa uji. Elkana akanunua kiti kipya. Mchimbaji mmoja, Matiko, alifungwa meno mawili kwa mpigo, akawa anatembea Kewanja mdomo wazi hata wakati wa vumbi.

Mvua za vuli zilipoanza, Elkana aliona kwamba mama yake anakula samaki kwa upande wa kulia peke yake. Baadaye akamwona ameshika shavu huku anapimia watu uji.

"Ni upepo tu," mama alisema kabla hajaulizwa.

Elkana akamletea vidonge vya maumivu kutoka dukani, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Vidonge vilipoisha akaleta vingine. Kila alipovitoa mfukoni moyo ulimsuta, na kila mara aliufunga mdomo. Kuivua ile kofia kungekuwa kusema mbele ya soko zima kwamba daktari wa Kewanja alifunika uozo kinywani mwa mama yake mzazi. Watu wangemcheka. Wateja wangekimbia. Akawa anamwombea mama yake kanisani kwa sauti ya chini, anamwomba Mungu afanye kazi ambayo yeye mwenyewe angeweza kuifanya kwa koleo. Aibu ya sala ile ilimwandama muda mrefu kuliko aibu nyingine zote.

Asubuhi moja ya soko Abonyo hakuja. Elkana akaenda Kemambo kwa miguu, karibu anakimbia. Alimkuta amekaa kitandani. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba ukageuka nje, shavu la kushoto limejaa hadi jicho likafumba, na mwili ulikuwa wa moto. Alijaribu kumtania mwanawe, maneno yakatoka mazito.

"Leo sina kicheko cha kukuuzia."

Elkana alishawahi kusikia kwa Ochieng kwamba uvimbe wa meno ya juu ukifika jichoni, mtu anaweza kufa. Alishika koleo mfukoni, akaliachia. Safari hii hakujidanganya kwamba anajua anachokifanya. Alikimbia kwa jirani, mzee Mseti, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mahindi, akamwomba amfikishe mama hospitali ya misheni. Mzee Mseti hakuuliza maswali. Alishusha magunia, wakamlaza Abonyo kwenye godoro.

Daktari wa meno pale alikuwa mwanamke mfupi kutoka upande wa Serengeti, anaitwa Modesta, asiye na maneno mengi. Alimwamkia mgonjwa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamfungua mdomo taratibu, akatazama, akanusa, akaweka kioo chini.

"Hii kofia umefungiwa na nani, mama?"

Elkana alikuwa amesimama ukutani. Akajiambia atasema, ila asubiri kwanza daktari amalize, ila apate maneno mazuri. Wakati anayatafuta, mama yake alijibu.

"Fundi mmoja. Ameshakufa, maskini. Mungu amlaze pema."

Jicho lake moja lililokuwa wazi halikumtazama mwanawe kabisa. Elkana alisimama pale, mzima, akisikia mama yake anamzika ili kumsitiri, na kwa muda mfupi, tena hilo ndilo lililomchoma zaidi, alishukuru.

Daktari akachoma sindano ya ganzi, akaikata kofia. Ilipotoka, usaha uliifuata, na harufu ikajaa chumba. Jino lililobaki lilikuwa kisiki cheusi, laini, linachimbika kwa ncha ya chombo. Daktari alilitikisa, akatikisa kichwa. Akaling'oa. Akapasua jipu juu ya ufizi, akaosha, akaagiza mgonjwa alazwe achomwe sindano za dawa mpaka homa ishuke.

Ile kofia iliyokatwa aliiosha, akaifunga kwenye pamba, akampa Elkana. "Mali ya mama yako hii."

Kipande chenyewe kilikuwa chepesi, hakifiki uzito wa punje ya mahindi. Elkana alikishika kiganjani, akamgeukia daktari.

"Daktari, hakuna marehemu. Ni mimi. Niliona tundu nikalifunika."

Kutoka kitandani Abonyo alisema kitu kwa Kijaluo, kwa hasira, mdomo umekufa ganzi hata maneno yanamwagika. Alikuwa anamgombeza kwa kumharibia uongo wake.

"Nilijua," daktari alisema. "Kila nilichokigusa, wewe ulikitazama kabla yangu. Ndugu wa mgonjwa hawatazami hivyo."

Elkana alitaka atukanwe. Hakutukanwa, na ikawa vigumu zaidi. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama jino lile lingeweza kupona.

"Lingepona," daktari alisema, na hapo ndipo hasira yake ilipoonekana. "Taji la jino, hii mnayoiita kofia, si kosa, sikiliza vizuri. Mimi mwenyewe ninalo, hili la nyuma. Jino likivunjika au likidhoofika, taji linalibeba, mtu anakula miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi. Lakini kwanza unatoa uozo wote. Ukiwa umefika ndani, kwenye mshipa, unasafisha mzizi na kuuziba. Halafu ndipo unapunguza jino kidogo, unachukua alama, unampa mtu kofia ya muda akae nayo wakati ile ya kweli inatengenezwa. Akirudi unaijaribu kabla hujaibandika. Na unamwambia ukweli: siku za mwanzo utaona kama kuna kitu kigeni mdomoni, baridi na moto vitakusumbua kidogo, vitapungua. Vikizidi badala ya kupungua, au ukivimba, rudi. Piga mswaki pale kofia inapokutana na ufizi, maana dhahabu haiozi lakini jino lililo chini yake linaoza. Na jino zima huligusi kwa urembo. Ukishalipunguza kwa tupa, halioti tena. Umewaambia hayo wangapi?"

Vinywa vyote vya Kewanja vilipita mbele yake, vyote vinacheka.

Siku zile za hospitali alilala chini kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mama. Homa ilikataa kushuka mwanzoni, na Elkana hakuthubutu kusali tena ile sala yake ya chinichini. Alimlisha mama uji mwepesi kwa kijiko. Abonyo alimeza bila kusema naye. Kisha asubuhi moja jicho lililofumba likafunguka, likamtazama.

"Uji huu hauna chumvi," alisema. "Na wewe hujanyoa."

Elkana alitoka nje akalia nyuma ya jiko la hospitali mpaka wapishi wakamwonea huruma, wakampa chai.

Alirudi Kewanja akafunga banda. Watu walidhani amefiwa. Akaanza kuwafuata wateja wake kwenye maduara, kwenye vilabu, hata kanisani, akiwaomba wafungue midomo atazame, na wale waliokuwa na maumivu waende kwa daktari Modesta. Ilikuwa kichekesho kikubwa. Fundi anayeikimbiza kazi yake mwenyewe! Wengine walisema anataka kurudisha dhahabu yao. Matiko alimfukuza kwa koleo la kuchimbia, akasema dhahabu yake ya kwanza haitoki mdomoni ila na roho yake. Baadaye jino moja la Matiko lilianza kuuma, akaja mwenyewe, kimyakimya, na Elkana akamsindikiza hospitali, wakakaa pamoja kwenye benchi. Wengine walihama kufuata dhahabu kwingine kabla hajawafikia. Hao ndio waliomnyima usingizi. Alipokuwa akikumbuka sura zao, alizikumbuka zikiwa zinamshukuru.

Mwaka mpya ulipoingia, mama mdogo Akello, mdogo wake Abonyo, alivuka mpaka pale Sirari akaja Kemambo kusalimia. Habari za jino la dhahabu zilishafika Migori zamani, na habari za hospitali zilikuwa hazijafika. Alikuwa hajatua hata mzigo.

"Haya, dada, sasa onyesha hiyo gold! Huko kwetu wanasema unang'aa kama bibi harusi."

Elkana alikuwa anawawekea maji ya kunawa. Beseni likatulia mikononi mwake. Kofia ile iliyokatwa ilikuwa mfukoni mwake, kwenye pamba ile ile. Alikuwa ameizoea pale kama mtu anavyozoea mwiba ulioshindikana kutoka.

"Niliitoa," alisema Abonyo. "Ilinichosha kula samaki."

"Ukaitoa na jino lake?"

"Mama mdogo," Elkana akaanza, "mimi ndiye..."

"Wewe mimina maji," mama yake alimkata.

Akello alikuwa ameshaona. Aliinama karibu, akachungulia, akasema wewe Abonyo, sasa umebaki na madirisha juu na chini, mbu wataingia. Utani huo ulikuwa wa aina ya Abonyo kabisa. Naye akacheka, akakirudisha kichwa nyuma kama zamani, kicheko chake kile kile cha sokoni.

"Ya chini yalitolewa nikapigiwa vigelegele," alisema. "Hili la juu nani angelipigia?"

Lakini kabla kicheko hakijafika nusu, mkono wake ulishika ncha ya kanga, ukaipandisha, ukaziba mdomo. Hakuonekana hata kujua kwamba amefanya hivyo. Elkana alikuwa hajawahi kumwona mama yake akifunika kinywa, tangu azaliwe. Alisubiri mkono ule ushuke. Akello alimaliza kucheka, akaanza kuuliza habari za mvua na mahindi, na Abonyo akamjibu moja baada ya nyingine, kanga ikiwa bado pale.

Elkana akapiga magoti mbele yao, akawamiminia maji mikononi. Mama yake alinawa mkono mmoja tu.